Arobaini ya Vita

Geuka. Hilo ndilo neno nililolisikia zaidi kutoka kinywani mwa fundi wa vioo, kuliko hata salamu. Alikuwa anapitisha kile kikalamu chake chenye ncha ya almasi, kioo kinalia kama panya aliyebanwa, halafu kabla hajakivunja kwenye ukingo wa meza ananyanyua macho, anakutazama wewe uliyekuja kuazima mkasi tu, anasema, "Geuka kwanza, maman. Kioo haina rafiki." Hagusi kitu mpaka umempa mgongo. Akija msichana, mambo yalikuwa makali zaidi. Msichana alitolewa nje kabisa, akasimame barabarani na jua lake, hata kama kioo chenyewe ni cha kufunika picha ya ubatizo.

Mimi nilidhani ni ushirikina. Miaka mitano ya kwanza nilimcheka waziwazi, naye akaniacha nicheke.

Duka lake na langu yalipakana ukuta pale Kamembe, kwenye barabara inayoteremka kutoka sokoni. Mimi nina sekretaria: napiga fotokopi, naandika barua za kuomba kazi, napiga picha za vitambulisho. Yeye alikuwa Mwislamu wa zile familia za Kamembe ambazo Kiswahili ni cha nyumbani kwao, mafundi tangu babu. Mimi ni Msabato, nimelelewa ng'ambo ya mpaka, mjini Bukavu, nchi ya jirani, nikarudi huku nikiwa msichana. Ijumaa akienda swala mimi namlindia duka. Jumamosi nikiwa kanisani yeye ananilindia langu. Miaka kumi na minne tumekaa hivyo, na sikumbuki siku niliyokuta kitu changu kimesogezwa. Isipokuwa kiti. Kiti changu alikuwa anakigeuza kiangalie mlango, kwa sababu hawezi kukaa na mgongo dirishani. Kila Jumapili nakigeuza, kila Jumamosi anakigeuza tena.

Alikuwa fundi wa vioo ambaye nyumba yake haina hata kioo kimoja. Nilipokwenda kumpa pole alipougua malaria nilikuta madirisha yote ni ya mbao. Ukifunga, mchana unawasha taa. Nikamuuliza, Mzee, ndiyo nini hii, mshonaji anatembea uchi? Akasema mbao inatosha. Alikuwa na redio tatu na kila moja aliitukana. "Hii inasema uongo na kifaransa, hii na kinyarwanda, hii na kiswahili. Basi nachagua luga." Aliwafukuza mbuzi kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika, halafu anaomba toba hapo hapo, halafu mbuzi anarudi. Chakula chake angekugawia hata kama ni kiazi kimoja, lakini kile kikalamu cha kukatia hakumwazima mtu, hata shemeji yake.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama yangu alikuwa anasema nitakufa nikimuuliza malaika ametokea njia gani. Na swali langu kubwa tangu utotoni ni hili: vita vinaishaje? Si vinaanzaje, hilo kila mtu ana jibu lake na wengine wana bunduki za kulitetea. Nauliza vinaishaje. Maana vita vya ng'ambo, katika maisha yangu, vimeisha mara nyingi kuliko vilivyoanza. Kila baada ya muda redio inatangaza kwamba mapigano yamesimamishwa, watu wa suti wanashikana mikono, sisi huku mpakani tunasikiliza, na baada ya juma mbili tatu madirisha yanatetemeka tena. Sasa nikajiuliza, mtu anajuaje kwamba safari hii ni kweli? Kuna siku? Kuna alama? Nilimuuliza mchungaji, akaniambia tuombe. Nilimuuliza mwalimu wa historia anayekuja kupiga fotokopi za mitihani, akanipa tarehe. Fundi nilimuuliza mwisho, kwa sababu nilimwona ni mtu wa mastiki na misumari tu, atajua nini.

Alinionyesha fremu ya mlango wake.

Mastiki ni ule udongo mweupe wa mafuta unaoshika kioo kwenye fremu. Ukiwa mpya ni laini, unaufinyanga kwa vidole. Ukikaa unakauka kidogo kidogo mpaka unakuwa kama jiwe. Kwenye fremu ya mlango, upande wa ndani, alikuwa amebandika vidonge vidogo vya mastiki, kila kimoja sawa na punje ya mahindi, safu moja kutoka juu kwenda chini. Siku ile vilikuwa kumi na saba.

"Kila siku moja," akasema. "Tangu redio iseme bamesimamisha."

"Na ukifika wapi ndiyo imekwisha?"

"Arobaini."

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Mtu akifa, jirani zetu Waislamu wanakaa matanga, na siku ya arobaini wanasoma dua, wanakula, maisha yanaendelea. Nikaona, ah, huyu mzee anavikalia vita matanga kama maiti. Nikalipenda sana wazo hilo na nilirudi kwangu nikitabasamu. Siku ya kumi na tisa tulisikia milio kutoka ng'ambo tangu asubuhi. Jioni nikamwona amesimama mlangoni, anabandua vidonge kimoja kimoja kwa ukucha. Vilikuwa bado laini. Akavikusanya kiganjani, akavifinyanga tena kuwa donge moja, akalirudisha kwenye kopo. Kesho yake lile donge lilishika kioo cha duka la dawa. Mastiki haitupwi.

Jinsi alivyohesabu siku, hiyo nayo ni habari. Redio hakuitegemea, wala odio za simu ambazo kila mtu anamtumia mwenzake na kusema amezipata kwa mtu aliye pale pale. Yeye alikuwa na shahidi mmoja, mama wa Bukavu tuliyemwita Maman wa Tomati, kwa kuwa kila asubuhi alivuka mpaka pale kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza na beseni tupu, ananunua tomati sokoni kwetu, anarudi nalo limejaa kichwani. Akipita mbele ya duka fundi anatoka, donge la mastiki mkononi, anamuuliza swali lile lile.

"Mulilala na viatu?"

Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka. Maman wa Tomati hakucheka. Ng'ambo, usiku wa vita mtu halali miguu tupu. Unalala umevaa, na viatu umevaa, mtoto umemvisha, kwa sababu mlango ukigongwa hakuna dakika ya kutafuta kiatu cha pili. Basi fundi alisema redio inaweza kudanganya, jenerali anaweza kudanganya, lakini mguu haudanganyi. Akijibiwa, "Hapana Papa, tulivua," anabandika kidonge. Akijibiwa, "Tulivaa," anaanza kubandua.

Wateja wa Bukavu waliokuja mbio kununua vioo siku mbili baada ya tangazo, aliwakatalia. Wallahi alikuwa anawakatalia, mimi mwenyewe nilikuwa natamani kumpiga kofi. Mama mzima amevuka mpaka na vipimo vyake kwenye karatasi, anamwambia, "Sasa hivi weka shitingi, maman. Plastiki inapasukaka, haichanjaki muntu. Ukuye siku ya arobaini." Yule mama anatukana, anakwenda kwa fundi wa chini, anauziwa. Nikamwambia mzee unafukuza riziki. Akasema riziki ya namna ile alishaila, bado imekwama kooni.

Maneno hayo aliyafungua siku moja umeme ulipokatika. Bila umeme sekretaria ni chumba tu, kwa hiyo nilikaa kwake kwenye ndoo iliyopinduliwa, mvua inanyesha, nikamwambia leo hunikimbii. Nilimuuliza kuhusu geuka.

"Ilikuwa vita ya zamani," akasema. "Miye nilikuwa na ndevu nyeusi. Redio ikasema saa sita ya muchana: bamesimamisha. Kulikuwa maman mumoja wa Bukavu, anauzishaka vitenge, anakaa upande wa Kadutu. Akanitumia neno: fundi, nimechoka kukaa mu giza kama mugonjwa, kuya unitoshee hizi shitingi. Nikavuka siku ile ile. Nilifurahi, unasikia? Nilitaka niwe fundi wa kwanza."

Aliweka vioo sita. Siku ya tatu bomu likaanguka barabarani, mbali kidogo. Halikuigusa nyumba. Vioo vyake ndivyo vilivyopasuka vikagusa mtu. Binti wa yule mama, wa miaka kumi na sita, alikuwa amekaa dirishani anasuka nywele, kwa sababu sasa palikuwa na mwanga. Jicho la kushoto likaenda.

"Kama ningeacha ile shitingi, mutoto ako na macho mbili," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, anapangusa meza.

Alikwenda hospitali na chupa ya maziwa ya moto. Mama wa binti alimkuta kwenye korido. Hakupiga kelele. Yule mama alikuwa Mkristo, lakini ameishi na Waislamu, anajua desturi zao, akamwambia kwa desturi zake yeye fundi: "Si muko na arobaini? Basi kaa kwako. Siku vita itakufa, ilale, imalize arobaini yake, njo ukuye uniangalie mu macho."

Na fundi akarudi Kamembe, akaanza kuhesabu. Vita hivyo havikufika arobaini. Vilivyofuata havikufika. Safari moja alifika siku thelathini na nne na alikuwa ameshanunua sukari na kanzu mpya ya kuvukia.

"Kwa hiyo hujawahi kurudi? Miaka yote hii?"

"Arobaini haijafika."

Nilimwambia, Mzee, yule alikuwa mama ana uchungu, mtu akiwa kwenye korido ya hospitali anasema lolote. Nilimwambia amtumie Maman wa Tomati na salamu. Nilimwambia mengi, mimi mdomo haunilali. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Si weye uliambiwa." Umeme ukarudi nikaenda kupiga fotokopi zangu. Nilikuwa na hasira naye na sikujua kwa nini natokwa na machozi.

Kuanzia siku hiyo kila tangazo la redio nililisikia kwa sikio lake. Sikuuliza tena nani ameshinda. Niliuliza, je, huyu mzee atavuka kabla hajafa?

Usidhani alikuwa mtakatifu mwenye huzuni. Alikuwa mkorofi. Siku moja kinyozi wa upande wa pili na kijana anayeuza simu waligombana kuhusu spika, kila mmoja na muziki wake, mpaka wakashikana mashati. Spika ya kinyozi, katika ile purukushani, ikawa inaning'inia nusu ndani ya mlango wa muuza simu. Fundi akatoka na mikono meupe ya mastiki, akasimama katikati.

"Simameni pale muko. Muntu asisogee. Spika ya kila muntu ikae pale iko."

Wakasimama. Wakataka sasa aamue nani alianza. "Hiyo muende kwa abunzi," akasema, maana kwetu wako wale wazee wa kusuluhisha kesi ndogo. "Miye nasimamishaka tu. Kupatanisha ni kazi ingine, iko na bafundi yake." Akarudi ndani. Na kwa abunzi hakwenda mtu, kwa sababu kila mmoja aliogopa kusikia ukweli. Ile spika ilikaa pale miaka miwili! Wateja wa simu wakawa wanaingia wameinama. Hakuna aliyethubutu kuisogeza. Kuisogeza ni kuanza upya. Nikamwendea fundi nikamwambia, angalia amani yako ilivyopinda. Hakuona aibu.

"Kusimamisha iko vile. Ukiambia bantu basimame, mumoja anasimamia mu kivuli, mwengine mu jua. Na ule wa jua njo anaanzaka kuhesabu."

Hilo jibu nililibeba muda mrefu. Niliwaza watu wa ng'ambo, vita vilipowasimamisha kila mmoja pale alipokuwa: huyu nyumba yake upande ule, ufunguo mfukoni upande huu, huyu shamba lake analiona kwa macho na kwenda hawezi. Vita vimesimama, na wao wamesimama navyo. Wakati mwingine watu walimwambia fundi sisi ni nyasi, tembo wakipigana tunaumia. Hakupenda. "Nyasi inaotaka tena yenyewe," alisema. "Muntu haiote." Na mtu akitaka kumjua yuko upande gani, alijibu kwamba kioo hakiulizi bomu ni la nani, na akaendelea kukata.

Sasa nije kwenye tangazo la mwisho. Walitia sahihi mbali, tuliwaona kwenye simu ya kinyozi, suti, bendera, meza ndefu inayong'aa. Wote tuliangalia nyuso. Fundi aliivuta simu karibu na pua yake. "Ile meza iko na kioo ya milimita kumi," akasema. "Safi sana." Kesho yake Maman wa Tomati akapita, akaulizwa, akasema walivua, na kidonge cha kwanza kikabandikwa.

Siku kumi. Siku kumi na tano. Mvua zikaanza. Ishirini ilipopita, barabara nzima ikawa inahesabu naye, ingawa tulijifanya hatuhesabu. Muuza simu akipita anatupa jicho kwenye fremu. Mkono wa fundi ulikuwa umeanza kutetemeka mwaka ule, na vidonge vya mwisho vilikuwa vikubwa na vibaya kuliko vya juu. Vya juu nilivigusa siku moja alipokuwa swala. Vilikuwa vimekauka.

Alfajiri ya siku ya ishirini na tisa niliamka. Tuu, tuu, kutoka ng'ambo ya maji, mara nne au tano, kisha kimya. Nililala nikitazama dari. Nikajiambia ni radi. Nilijua si radi.

Nilifika dukani mapema. Fundi alikuwa tayari mlangoni, donge mkononi. Maman wa Tomati akaja na beseni lake.

"Mulilala na viatu?"

"Hapana, Papa. Tulivua."

Akabandika. Mimi niliwasha mashine yangu. Baada ya dakika chache yule mama akaingia kwangu kupiga fotokopi ya kadi yake ya uchaguzi, ile anayovukia. Nilimuuliza polepole. Akaangalia ukutani kwanza, upande wa fundi.

"Tulivaa," akasema. "Ata kitambaa ya kichwa sikutosha. Batoto balilala mu koridore."

"Basi kwa nini umemwambia hivyo?"

"Nilimuona ameshika mastiki tayari." Akachukua karatasi yake. "Na miye nimechoka, maman. Kila mara nasemaka tulivaa, ule mzee anatosha mastiki yote. Inakuwa kama ni miye napigaka."

Siku kumi na moja nililala na jambo hilo tumboni. Mimi ni Msabato, uongo ni uongo. Lakini nilipomwona fundi anatandika kile kidonge cha thelathini na tano, kimepita rekodi yake, ulimi wangu, huu ambao haunilali, ulikufa ganzi. Hakuna mtu barabarani aliyesema lolote kuhusu alfajiri ile. Kinyozi hakusema. Muuza simu hakusema. Nikaanza kushuku kwamba wote walisikia.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili. Fundi alivaa ile kanzu mpya, ambayo sasa ilikuwa na umri wa kutosha kupigiwa shikamoo. Aliniomba nimsindikize, kwa sababu ya kubeba. Kutoka kwenye kopo kuukuu la maziwa ya unga alitoa kamba yenye mafundo. Hivyo ndivyo alivyopima zamani, fundo la upana, fundo la urefu. Kamba ya dirisha la yule binti alikuwa ameihifadhi tangu siku ile. Alikata kioo kimoja kwa kamba hiyo, akaniambia geuka, nikageuka, akakizungushia blanketi.

Tulishuka Rusizi ya Kwanza kwa miguu, mimi na kioo, yeye na kilo mbili za sukari. Katikati ya daraja akasimama kupumua. Maji yalikuwa yanakwenda chini yetu. Nikaona nikinyamaza sasa nitakuwa nimemdanganya mpaka mlangoni kwa watu.

"Mzee. Siku ya ishirini na tisa."

"Nilisikia," akasema. "Muislamu wa kweli saa ile iko macho. Nilikuwa natawadha."

"Ulisikia, na ukabandika?"

"Nilimungoja ule maman. Nikasema akiniambia balivaa, nitatosha. Akanidanganya." Alicheka kidogo, meno mawili. "Miaka yote najiulizaka sawa weye, vita inaishaka namna gani. Muntu alilala na viatu, analamuka, anasema sikulala na viatu. Haogopi. Amechoka nayo. Bakikuwa bengi bale bamechoka hivi, njo inaisha. Kama haiishe, basi haiishe. Miye nilibandika."

Nikakiweka sawa kioo begani, tukavuka.

Ng'ambo tulipanda pikipiki mbili, mimi nimekumbatia kioo kama mgonjwa. Nyumba aliikumbuka, ila barabara ilikuwa imebadilika. Alikwenda mpaka mlangoni na hakubisha. Alilitazama dirisha. Lilikuwa la chuma, lenye nondo, pana mara mbili ya lile la kamba, na lilikuwa na kioo, kisafi, kimewekwa zamani na fundi mwingine. Mkono wake ulikwenda wenyewe kugusa mastiki ya watu.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mkubwa, zaidi ya miaka arobaini, kitenge cha buluu, jicho la kushoto limefumba. Alimwangalia fundi, akaiangalia kanzu, akaliangalia blanketi.

"Ni weye fundi," akasema.

"Ni miye. Maman iko?"

"Maman alikufa. Mwaka wa sita huu."

Fundi alibaki amesimama na sukari yake. Kisha akaanza kueleza, vibaya, maneno yanagongana: korido, arobaini, redio, thelathini na nne, mastiki. Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumsaidia.

"Papa," akasema. "Mama alikuwa na hasira siku ile. Juma ya pili, hasira ilikuwa imeisha. Alinituma ninunue sukari, na kitambaa bado iko ku jicho. Alisema, ule muislamu atakuya, na hakunywaka chai bila sukari mingi. Tulikungoja ile juma yote. Tukangoja ingine. Dirisha tuliweka ingine ata vita haijaisha. Tungekaa mu giza mpaka wapi? Mama alikufa anasema ule fundi alikimbia."

"Nilikuwa nahesabu," akasema fundi.

"Najua sasa."

Miaka yote ile. Nilitaka nimshike mkono mzee, lakini mikono yangu ilikuwa na kioo. Yule mwanamke akakichukua, akakifungua, akakipima kwa jicho lake dhidi ya dirisha, akaona hakiingii popote. Akakiweka juu ya meza ndogo ya sebuleni, palipokuwa na picha ya mama yake na kalenda ya kanisa. Kilikuwa kinapungua kidogo pembeni mwa meza. "Kitakaa hapa," akasema. Picha ikawa chini ya kioo.

"Kaa, Papa. Chai iko."

Fundi alivua viatu mlangoni, kama alivyozoea kwake, akakaa kwenye kochi, mgongo dirishani. Hilo nililiona mimi peke yangu. Chai ilipoletwa, sukari ilikuwa nyingi mpaka kijiko kinasimama, akainywa yote. Waliongea kidogo kuhusu jicho. Alisema amelizoea, tatizo ni ngazi tu. Kisha akaenda jikoni kupika, akasema hatuondoki bila kula. Mimi nikamfuata kumenya viazi.

Niliporudi kumuuliza mzee kama anakula sombe, yale majani ya muhogo, nilimkuta amelala. Kichwa kimeegemea ukuta chini ya dirisha la watu, mdomo wazi, miguu tupu imenyooka sakafuni. Nikarudi jikoni na kumwambia mwenyeji tupike polepole. Viatu vya mzee vilikuwa kule mlangoni, kimoja kimelala ubavu.